Filomena Pinggera na Moshi wa Ngome ya Montfall

Baba paroko, wana wa marehemu, yaani Rosina na Klaus, ndugu, majirani wa Sankt Luzius na ninyi nyote mliokuja na barafu hii, kwa niaba ya familia ninawasomea historia ya maisha ya mpendwa wetu Filomena Telser Pinggera, ambaye wengi wenu mlimwita Mena, na ambaye mimi, mtoto wa mdogo wake Hermann, nilimwita shangazi. Nimeombwa nisome polepole na nitajaribu, ingawa ninaona kwamba tangu tulipolizunguka kaburi hili hakuna aliyetulia, kila mara kichwa fulani kinainuka kuelekea kule juu kwenye mwamba, kutazama kama dohani ya ngome bado inafuka. Msione aibu. Marehemu angekuwa amesimama hapa nasi angeshatazama kabla yenu, tena angetuuliza kwa nini tunakawia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1936, siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, katika chumba kilicho juu ya lango la Ngome ya Montfall, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Alois Telser, mlinzi wa ngome hiyo, na mkewe marehemu Barbara, binti wa fundi viatu wa Mals. Mkunga aliyepanda na theluji hadi magotini alimkuta Alois amepiga magoti mbele ya jiko akipuliza makaa, akamfokea, "We Alois, mkeo anazaa!", naye akajibu bila kugeuka, "Nasikia, mama, sina uziwi, lakini moto huu ukizimika huyo mtoto atakuja kuishi kwenye nyumba ya nani?" Jibu hilo limerudiwa katika familia yetu kila ubatizo, kwa kicheko, ingawa marehemu kila alipolisimulia yeye mwenyewe hakucheka sana.

Wenyeji mnaijua sababu ya jibu lile, lakini kwa wageni waliotoka mbali nitaieleza, maana maisha ya marehemu hayaeleweki bila hiyo. Ngome ya Montfall ni ndogo, mnara mmoja, ukumbi mmoja, kanisa ambalo familia mbili hazienei na nyumba ya lango, ndogo kiasi kwamba wageni wa kiangazi huuliza ngome yenyewe iko wapi hali wamesimama uani kwake. Inasemekana ilijengwa kama mwaka 1250 na mwakilishi wa askofu, ili kuilinda njia ya nyumbu waliobeba chumvi na divai kuvuka mlima, na kwa kuwa askofu aliishi ng'ambo ya milima na hakuweza kujua kama walinzi wake wakati wa baridi wako kazini au wameteremka kunywa kijijini, aliweka sharti moja, kwamba atakayewasha moto ngomeni siku ya Mtakatifu Martin na kuutunza hadi siku ya Mtakatifu Georg mwezi Aprili, moshi wake ukaonekana kutoka kijijini kila siku, atapewa zamu mbili za maji kila wiki katika mfereji wa juu. Dohani ikipoa mchana kutwa na usiku kucha, zamu hizo zitashuka kwa mashamba ya kijiji, wala hazitapanda tena. Bonde letu ni kavu, mvua hupita juu ya vilele ikaenda kuwanyeshea wengine, na shamba lisilo na zamu ya maji huku ni jiwe tu. Askofu yule amekufa, milki zimebadilika, bendera zimeshushwa na nyingine kupandishwa, lakini sharti lile halikufutwa na mtu yeyote, labda kwa sababu kila aliyekuja kututawala aliona ni salama zaidi kuuacha mfereji ulivyo.

Mwaka 1939, marehemu akiwa na miaka mitatu, wakubwa wa Roma na Berlin walikubaliana kwamba sisi tunaozungumza Kijerumani katika milima hii tuchague, ama kuhamia Ujerumani, ama kubaki Italia na kukubali kwamba lugha yetu na majina yetu hayatakuwa yetu tena, na kijiji hiki kikapasuka katikati, watu wa meza moja wakaacha kusalimiana, waliokwenda wakaitwa wasaliti na waliobaki wakaitwa wasaliti. Sisi wa leo hatuna haki ya kusema nani alikosea. Alois alichagua kwenda, akatengeneza sanduku kubwa la mbao, akaandika juu yake kwa rangi nyeupe TELSER, MONTFALL, Barbara akalipanga nguo, shuka na msalaba wa mama yake, kisha akakaa juu yake na kusema, "Mimi siondoki na moto unawaka, Alois, ngoja Georg ifike." Georg ilipofika Barbara alikuwa mjamzito, baba yangu Hermann akiwa tumboni, safari ikaahirishwa hadi vuli, vuli ikaahirishwa hadi mwaka mwingine, mpaka vita vikaifunga njia, na sanduku likabaki kando ya mlango, limejaa, bila mtu kuthubutu kulifungua wala kulibeba. Marehemu alijifunza kutembea akilishikilia sanduku hilo.

Alianza shule hapa Sankt Luzius mwezi Oktoba 1942, akafundishwa mwaka wa kwanza kwa Kiitaliano na wa pili kwa Kijerumani, kwa kuwa katikati watawala walibadilika, akamaliza mwaka 1950 akiwa anaweza kuhesabu na kusali kwa lugha zote mbili, lakini kukaa kimya hata kwa mojawapo kulimshinda. Mwalimu wake mmoja alimwambia Barbara mlangoni mwa kanisa, "Mtoto wako ana akili, mama, lakini kiti kinamchoma", na Barbara akajibu, "Hata kwangu hakai, mwalimu, nilidhani labda ninyi mna viti vizuri zaidi." Alikuwa akiteremka kutoka ngomeni mbio na kurudi mbio, na wanaomkumbuka utotoni wanasema hawakumbuki uso wake, wanakumbuka mgongo wake ukiishilia kwenye kona.

Mwaka 1954 alikwenda Meran kufanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja, akawa anaishi mahali penye taa za barabarani na mito ya manyoya ambayo si yake, na huko akasikia wageni wakizungumzia bahari, akaamua kwamba ataiona. Aliahidiwa kazi Genova kuanzia Januari 1958, akanunua viatu vyeusi vyenye kisigino, ambavyo kwa theluji ya kwetu ni sawa na kutembea bila viatu, lakini mwezi Novemba 1957 baba yake alianguka kutoka dari ya banda la nyasi akavunjika nyonga, Barbara alikuwa na kifua kibovu, baba yangu alikuwa mwanafunzi Bozen, na moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Marehemu alipanda mlimani na viatu vile mkononi na kumwambia mama yake, "Nimekuja kwa majira haya ya baridi tu, msinizoee." Viatu akavitia katika sanduku la mlangoni, juu ya shuka za mwaka 1939, na kila vuli tangu hapo alilifungua, akaanika vilivyomo, akavikunja upya na kulifunga, kama mtu ambaye gari lake linakuja kesho.

Kiangazi cha mwaka 1960 alikuja seremala kutoka Stilfs kutengeneza paa la mnara, Gottfried Pinggera, mtu mpole ambaye angeweza kula chakula cha mchana chote bila kusema neno, na hakuna aliyeelewa aliwezaje kumsimamisha Mena mpaka akamsikiliza. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 4 Februari 1961, na kwenye karamu, kati ya supu na nyama, bibi harusi alitoweka, akapanda ngomeni na gauni lake kuongeza kuni, akarudi ana masizi hadi kwenye viwiko, na Gottfried, ambaye watu walikuwa wakimwonea huruma, akainua glasi akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema, "Wenzangu mmeoa wanawake, mimi nimeoa dohani, lakini angalau sitasikia baridi." Walijaliwa watoto wawili, Rosina, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1962, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu Innsbruck, na Klaus, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1965, dereva wa treni huko Stuttgart, na marehemu hakuwazuia hata mmoja, badala yake aliwasukuma, akiwaambia, "Nendeni, na atakayebaki hapa kwa ajili yangu nitamfukuza na ufagio." Gottfried alituacha tarehe 6 Juni 1998. Tangu hapo marehemu aliishi peke yake ngomeni, na ng'ombe wawili, wakati mwingine watatu, na miti midogo ya matunda ya milimani, ile mnayoiita aprikoti, aliyokuwa akiinywesha kwa zamu zake za maji.

Ngome yenyewe haikuwa yake hata siku moja. Mwaka 1968 ilinunuliwa na wakili wa Milano, mtu mwema, ambaye yeye na baadaye watoto na wajukuu zake walikuja kila Agosti na kuwaachia walinzi nyumba ya lango bila masharti, na ambao leo wametuma shada lile lenye utepe wa bluu. Kila Jumatano ya kiangazi marehemu aliwatembeza wageni na kuwasimulia historia ya ngome, akitembea kasi huku wakihema nyuma yake, na wengi wenu mliokuwa mkipeleka wageni wenu kule mnayakumbuka maneno yake. "Aliyeijenga aliwaogopa majirani, akaondoka. Aliyefuata alichoshwa na upepo, akaondoka. Yule bwana wa pichani alioa mwanamke wa bondeni, mke akasema hapandi, akaondoka. Yule mchoraji wa Vienna alikuja kutafuta utulivu, akaupata, ukamshinda, akaondoka. Waliokuwa na hati wote waliondoka, waliobaki ni waliokuwa na kuni." Bibi mmoja wa Hamburg aliwahi kumuuliza kama ngome ina mzuka, akamjibu, "Yupo, mama, mwenye nyumba, huonekana mwezi wa nane." Kulikuwa na mtu mmoja tu katika historia yote ambaye akimfikia alipunguza mwendo, mjane wa mlinzi wa mwaka 1499, ambaye wanajeshi walipoichoma ngome na paa likaanguka, alitandaza ngozi za ng'ombe juu ya jiko na kuutunza moto ndani ya magofu hadi Aprili, mwanamke ambaye jina lake hakuna anayelijua. Wageni walimsifu, lakini marehemu hakumsifu, aliugusa ukuta uliobaki mweusi na kusema, "Sijui kama alitaka kubaki. Hakuna aliyemuuliza." Kisha akaendelea mbio.

Ndugu waombolezaji, siwezi kusoma historia hii bila kumtaja bwana Engelbert Gluderer wa shamba la Unterhof, ambaye tangu mwaka 1979 amekuwa mgawa maji wa mashamba ya chini, na ambaye kila asubuhi ya kila majira ya baridi alitoka uani kwake, akashika kiuno, na kuitazama dohani ya ngome. Zamu zile mbili zingeyatosha mashamba ya chini kupita kiangazi bila kugombana, kila mtu analijua hilo, na marehemu, ambaye miaka ya mwisho alikuwa na maji mengi kuliko nyasi, alilijua kuliko wote. Kila Jumapili baada ya misa walikutana pale kwenye ngazi, Engelbert akivua kofia na kuuliza, "Bado unafuka, Mena?", na yeye akijibu, "Bado una kiu, Engelbert?", kisha kila mmoja akaenda zake akiwa ameridhika. Kuna Jumapili moja Engelbert aliongeza, "Dunia nzima inahama, wewe tu umekwama kule kama kunguru," naye akamwambia, "Sanduku langu limefungwa tangu kabla hujazaliwa, lako liko wapi?", na watu wakacheka, na Engelbert akacheka pia, ingawa alikuwa na mashamba yaliyokauka.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2011 marehemu aliteleza kwenye barafu mbele ya banda la kuni akavunja mguu, akapelekwa hospitali kwa helikopta, na tangu alipozinduka hakuwapa wauguzi raha, aling'oa mpira wa dripu, aliomba fimbo, aliuliza kila aliyepita mlangoni kama ametoka juu au chini, hata muuguzi mmoja akamwambia, "Bibi, tulia basi, kitanda hiki kina magurudumu lakini hakipandi mlima." Theluji ilikuwa imeifunga njia, watoto walikuwa mbali, na yeye alikuwa na hakika kwamba dohani imepoa, kwamba moto aliorithi kwa watu wengi asiowajua umezimikia mikononi mwake. Rosina alipofika kwa treni na basi na kushuka hapo kwenye kituo, aliinua macho akitarajia mwamba mtupu, akaona moshi.

Alipanda, akamkuta Engelbert jikoni, amekaa kwenye benchi na viatu vyake vya theluji miguuni, uso mweusi kwa masizi, amekasirika, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Jiko la mama yako lina mdomo mchafu kama yeye mwenyewe, nimelibembeleza tangu juzi." Rosina akamuuliza kwa nini, maana angekaa nyumbani kwake na miguu karibu na moto wake mwenyewe, maji yangeshuka bila yeye kunyanyua kidole. Engelbert akajibu, "Nimesubiri mama yako achoke, miaka yote hii nasubiri achoke. Sikusubiri aanguke." Akachukua kofia, akasema, "Na usimwambie, atanicheka mpaka Pasaka." Rosina alimwambia, bila shaka, na marehemu akakunja uso akauliza, "Ametumia kuni zipi? Zile za msonobari za nyuma ya mlango? Nilijua tu." Jumapili ya kwanza aliyoteremka kwa magongo, Engelbert alivua kofia pale kwenye ngazi na kumuuliza kama bado anafuka, naye akamuuliza kama bado ana kiu, na habari ile haikutajwa tena kati yao hata siku moja.

Nisisahau kusema kwamba bahari aliiona. Mwezi Septemba 2004, ng'ombe wakiwa kwa jirani na moto ukiwa haujawashwa, alisafiri na basi la parokia hadi Genova, akiwa amevaa viatu vile vya mwaka 1957, vikimbana, akasimama ufukweni kitambo kifupi, akatazama, na Baba paroko wa wakati ule alipomuuliza anaionaje, alisema, "Masikini, inahangaika kuliko mimi," kisha akauliza basi linarudi saa ngapi. Vuli ile alivikunja vile viatu vikiwa na mchanga na kuvirudisha katika sanduku, na sisi vijana tukamtania tukimuuliza, sasa shangazi, bahari umeshaiona, unafunga safari ya wapi tena, akasema kwamba hajui, lakini itakapojulikana hatakuwa na muda wa kupanga nguo.

Mwezi Oktoba 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wa marehemu umepanuka na hausukumi tena damu inavyopaswa, akashauriwa ahamie kwa Rosina, akakataa kwa majira hayo ya baridi, na kwa yaliyofuata akakataa pia. Tarehe 11 Novemba iliyopita aliuwasha moto kwa mikono yake, akikaa chini kati ya gogo moja na jingine, na Rosina akaja kukaa naye. Siku ya pili ya Krismasi, Klaus naye akiwa amefika, aliwaita wote wawili kwenye benchi la jiko, akasema yale ambayo familia imeniagiza niyasome hapa kama yalivyo, kwa sababu yanawahusu wengi wenu. "Mkishanishusha, msiongeze kuni. Uacheni uzimike wenyewe. Hiyo ngome imeachwa na watu tangu ilipojengwa na haijawahi kulia, waliolia ni sisi tuliobaki. Rosina asikae hapa kwa ajili ya jiko, wala Klaus, wala mtoto wa Hermann. Maji yashuke kwa Engelbert na wenzake. Ameyasubiri kwa adabu." Klaus akamuuliza, "Na wewe, mama, ulitaka kubaki au kuondoka?", naye akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo amelingojea maisha yake yote na sasa anaona limechelewa, akasema, "Nilitaka kuulizwa," halafu akatabasamu na kumwagiza akatazame kama maziwa yanachemka.

Alifariki Jumatano tarehe 17 Januari 2024, asubuhi, kwenye benchi lile lile, akiwa na miaka 87, Rosina akiwa ametoka kwenda bandani na kurudi na ndoo, na jiko likiwa na kuni mpya alizotia mwenyewe. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake Hermann, ambaye hawezi tena kupanda wala kushuka lakini yuko pale kwenye kiti, na ng'ombe wawili.

Leo asubuhi, kabla hatujalibeba jeneza, Klaus alitia gogo la mwisho, akauegesha mlango, tukashuka. Kwa hiyo moshi mnaoutazama, ndugu zangu, ule mwembamba kama uzi, ni wa gogo hilo, na kufikia keshokutwa saa kama hizi dohani itakuwa imepoa mchana kutwa na usiku kucha, na zamu mbili za mfereji wa juu zitakuwa zenu, kwa sharti lile lile ambalo askofu aliliweka, bila kesi na bila ugomvi. Hilo ndilo alilotaka, na familia imelikubali, ingawa sitawaficha kwamba tuliposhuka hakuna aliyegeuka nyuma.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mgonjwa ambaye hakuwa mwepesi, Baba paroko aliyempandishia sakramenti siku zake za mwisho akiteleza, majirani waliokata njia kwenye theluji kwa majembe tangu alfajiri, kikosi cha zimamoto kilichobeba jeneza, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa hoteli ya Meran ambao bado wapo na wamekuja, familia ya Milano, na kinamama waliopika, maana kuna supu ya madonge ya mkate pale kwenye nyumba ya wageni na mnakaribishwa wote. Na zaidi ya wote, nimeandikiwa hapa nimshukuru bwana Engelbert Gluderer, nimwombe asogee karibu na kaburi, ili Rosina ampe mkono mbele yenu, kama mgawa maji.

Bwana Engelbert.

Ninaambiwa hayupo. Alikuwepo kanisani jeneza lilipoingia, nilimwona mlangoni ameshika kofia, lakini kwenye kiti chake hakukaa. Mkewe anasema aliondoka kabla ya injili, na fimbo, bila kusema anakwenda wapi, na kwa umri wake na njia ilivyo leo...

Naona mmeshageuka. Basi tutazame wote, nami nitaiacha karatasi kidogo, maana hili halikuandikwa. Ule si moshi wa gogo la Klaus. Ni mweupe, mzito, wa kuni mpya, tena ni za msonobari, nadhani hata kutoka hapa mtu angeijua harufu yake, zile za nyuma ya mlango.

Familia haikupanga hili, wala hatuna la kusema kwa niaba ya bwana Engelbert, mwenyewe akishuka atatueleza, au hatatueleza. Rosina hapa ananinong'oneza, kisha anacheka na kulia kwa pamoja, nami ninarudia alivyosema, kwamba mama aliuwasha siku ya Martin, na majira ya baridi hayajaisha, na yule mzee hakubali kupewa kitu ambacho mtu hajamaliza kukishika. Huenda ni hivyo. Huenda hataki tu kuamka kesho, ashike kiuno uani, akose cha kutazama. Maji yatashuka Aprili au hayatashuka, hilo mtalizungumza wenyewe, na mtakapolizungumza msimkaripie.

Shangazi, sanduku lako tumelishusha, lipo pale ukutani mwa kanisa, na Rosina ametoa ile shuka ya juu ya mwaka 1939 ambayo haikuwahi kutandikwa, ndiyo uliyolalia. Umeulizwa, umejibu, na kama kawaida yako hukusikilizwa. Usiinuke sasa kwenda kutazama jiko. Kuna mtu kule juu, ana masizi usoni na ana hasira, anaziona kuni, anaujua mdomo wa dohani yako. Lala, shangazi Mena, leo zamu si yako.